Kujua Papo Hapo Kama Somo Limeeleweka

Somo kwa waalimu wa matawi na viongozi wa vikundi vya masomo



Katika kila tawi linaloendesha masomo, kipindi hufungwa kwa swali moja: "Mmeelewa?" Na jibu ni lile lile, kutoka Jinja hadi Kericho: "Ndiyo, tumeelewa." Jibu hilo halimsaidii mwalimu hata kidogo. Mtu aliyetoka zamu ya usiku, na lori la kurudi kambini limekwisha washwa nje, hawezi kusema hapana. Tena aibu ipo. Mzee aliyekaa kiwandani miaka ishirini hapendi kuonekana hajui hesabu mbele ya vijana aliowafundisha kazi yeye mwenyewe. Kwa hiyo anaitikia pamoja na wengine, anachukua kofia yake, anaondoka na kosa lake kichwani.

Somo la leo linahusu njia za kulipata kosa hilo kabla mwenye nalo hajapanda lori. Siku hizi simu inaweza kufanya kazi hiyo kwa dakika chache na kwa gharama ndogo. Wenye simu za kitochi nao wasikate tamaa, maana njia ya kwanza tutakayoieleza haihitaji mwanafunzi awe na simu hata moja.

Kosa moja linagharimu kiasi gani?

Tuchukue mfano wa mfuko wa hifadhi wa Uganda, NSSF. Sheria inasema mfanyakazi akatwe asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri aongeze asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, wajibu huo ni wa kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Zamani waliobanwa ni wale wenye wafanyakazi watano au zaidi. Mwalimu wa tawi ameyaeleza haya yote ubaoni, vizuri kabisa, na darasa limeitikia. Sasa aulize hivi:

Mshahara wako ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Ni kiasi gani kinapaswa kukatwa kutoka mshahara huo kwa ajili ya NSSF? (A) 15,000. (B) 30,000. (C) 45,000. (D) Hakuna, yote hulipwa na mwajiri.

Jibu la kweli ni A. Lakini tazama anayejibu C. Huyo hakulala darasani. Amesikia asilimia 5, amesikia asilimia 10, amezijumlisha, na hesabu yake ya kujumlisha ni sahihi. Alichokosa ni kujua fedha zinatoka mfuko wa nani. Mfanyakazi huyu akipewa karatasi ya mshahara iliyokatwa 45,000, atatia sahihi na kushukuru. Atakuwa anamlipia mwajiri sehemu yake: 30,000 kila mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka. Wala hatakuja ofisi ya tawi kulalamika, kwa sababu kwa ufahamu wake hakuna kosa lililotendeka.

Anayejibu D ana hatari ya namna nyingine. Yeye akiona 15,000 imekatwa atadhani ameibiwa, atakwenda kupiga kelele kwa karani wa mishahara, na atarudishwa kwa kicheko. Siku nyingine akiwa na malalamiko ya haki, hatasikilizwa.

Basi mwalimu anayejua kwamba watu tisa wamejibu C na watatu wamejibu D anajua la kufanya kesho. Mwalimu aliyeambiwa "tumeelewa" hajui lolote.

Wenzetu wa nchi nyingine wanaosoma sehemu hii waweke viwango vya sheria ya kwao. Njia ya kuuliza haibadiliki.

Jambo hili lilianzia wapi

Kutafuta jibu la haraka si uvumbuzi wa zama za simu. Katika miaka ya 1920, Sidney Pressey wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, alitengeneza mashine ndogo yenye vidude vinne vya kubonyeza. Mwanafunzi alisoma swali, akabonyeza kidude cha jibu alilochagua, na mashine iliweza kutegeshwa ikatae kwenda swali la pili mpaka apate jibu la kweli. Mashine ile haikuenea, lakini wazo halikufa.

Wazo lenye manufaa zaidi kwetu lilitoka kwa Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Wanafunzi wake walikuwa wakifaulu mitihani yenye hesabu ngumu. Kisha akawapa maswali mepesi ya maneno matupu, kama hili: lori zito likigongana na gari dogo, ni lipi linalomsukuma mwenzake kwa nguvu kubwa zaidi? Wengi walishindwa. (Nguvu ni sawa kwa yote mawili; gari dogo huumia zaidi kwa sababu ni jepesi.) Walikuwa wamekariri namna ya kukokotoa bila kuelewa maana. Tangu mwaka 1991 Mazur akabadili ufundishaji wake. Anaeleza kidogo, anauliza swali lenye majibu ya kuchagua, kila mtu anafikiri peke yake na kupiga kura, kisha wanafunzi wanageukiana na kushawishiana wawili wawili, halafu wanapiga kura mara ya pili. Mwanzoni watu walinyoosha mikono. Baadaye vikaja vifaa vya umeme.

Sisi wa vyama tunaweza kucheka kidogo hapo. Kikundi cha masomo ambacho watu hukaa duara na kubishana hakikuanzia Harvard. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini wakisikiliza kipindi cha redio na kujadiliana. Redio ilikuwa na uwezo wa kufika kila pembe, ila redio haisikii. Haiwezi kujua nani amekosea. Masomo ya posta nayo yalikuwa na kasoro yao: karatasi inakwenda, inasahihishwa, inarudi baada ya majuma mengi, wakati mwenyewe amekwisha sahau aliandika nini na kwa nini. Kipimo cha Mazur ndicho tunachokitaka kiungane na duara letu.

Kipimo chenyewe ni hiki, na kinafaa kunakiliwa kwenye jalada la daftari la mwalimu. Wakipata chini ya asilimia 30, usiwaache wajadiliane, maana watakuwa wanaambukizana kosa. Eleza upya kwa njia nyingine. Wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, waache wabishane na majirani zao dakika mbili tatu, kisha wapige kura tena. Wakizidi asilimia 70, eleza kwa ufupi na uendelee. Katika darasa la watu 26 maana yake ni hivi: waliopata saba au pungufu, rudia somo, kuanzia wanane hadi kumi na wanane, wabishane, zaidi ya hapo, songa mbele.

Kadi za karatasi na simu moja

Njia ninayoipendelea kwa mashamba ya chai na miwa inaitwa Plickers. Kila mwanafunzi anapewa karatasi moja yenye alama nyeusi ya mraba, kama zile zinazobandikwa dukani kwa ajili ya kulipia kwa simu. Kwenye pande nne za alama hiyo pameandikwa herufi A, B, C na D, kwa maandishi madogo sana. Mwalimu anasoma swali kwa sauti. Mwanafunzi anageuza karatasi yake ili herufi ya jibu lake iwe juu, kisha anaiinua. Mwalimu anaelekeza kamera ya simu yake kwa darasa na kuipitisha polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Simu inazisoma kadi zote, inahesabu, na inaonyesha wangapi wamechagua nini.

Faida zake ni tatu kubwa. Ya kwanza, simu ni moja tu na intaneti ni ya simu hiyo moja. Mkata miwa asiye na simu yuko sawa na karani. Ya pili, kila kadi ina umbo lake na herufi ni ndogo, kwa hiyo jirani hawezi kutazama jibu lako akaliiga. Kunyoosha mikono kuna ubaya huo: mwenyekiti wa tawi akinyoosha, nusu ya darasa inamfuata. Ya tatu, asiyejua kusoma vizuri anaweza kushiriki, mradi maswali yasomwe mara mbili na aelekezwe upande wa kila herufi kwa alama anayoifahamu. Waweza kuchora jembe, panga, kikapu na mizani kwenye pembe za karatasi, mbali na ile alama nyeusi, ili kamera isichanganyikiwe.

Kadi zinapatikana bure kwenye tovuti yao na huchapishwa kwenye karatasi ya kawaida. Seti ya kawaida ina kadi 40, na iko nyingine ya 63. Piga fotokopi nyeusi na nyeupe, bandika kila moja kwenye kipande cha boksi gumu, lakini usiifunike kwa plastiki inayong'aa, kwa sababu taa ikimulika kamera haitaona kitu. Wakumbushe wanafunzi wasizibe alama kwa vidole. Watu wenye mikono mikubwa ya kazi hulisahau hilo kila mara, nawe utabaki ukijiuliza kwa nini kadi namba 14 haijibu.

Fomu ya maswali

Pale ambapo wengi wana simu janja, kama katika viwanda vya mjini, fomu ya Google Forms inatosha. Anayeitengeneza anahitaji akaunti ya Google. Wanaojibu hawahitaji, mradi mwalimu asiweke sharti hilo. Unaandika maswali, unaigeuza fomu kuwa jaribio katika mipangilio yake, unaweka alama kwenye jibu la kweli, kisha unachagua alama zitolewe mara tu mtu anapotuma. Kiungo chake unakipeleka kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Mwanafunzi akituma majibu anaona hapo hapo alipopata na alipokosa, na mwalimu anaona michoro inayoonyesha darasa zima limesimama wapi.

Lakini sehemu yenye thamani kuliko zote katika fomu hiyo ni ile wengi wanayoiruka: nafasi ya kuandika maelezo kwa aliyekosa na kwa aliyepata. Alama nyekundu peke yake haifundishi. Inamwambia mtu amekosa, jambo ambalo pengine alilishuku tangu mwanzo. Andika hivi: "Ulichagua jibu lisilo sahihi. Angalia kama umejumlisha sehemu yako na sehemu ya mwajiri. Iliyo yako ni asilimia 5 peke yake. Chukua 300,000, gawa kwa 100, zidisha kwa 5." Sasa mtu ana kitu cha kushika mkononi. Anaweza kurudia hesabu akiwa kitandani kambini, bila kuonwa na mtu.

Usiweke picha kubwa wala video kwenye fomu. Bando ni fedha. Wafanyakazi wa Uganda hawajasahau ushuru wa shilingi 200 kwa siku uliowekwa Julai 2018 kwa matumizi ya WhatsApp na mitandao mingine, ambao ulifutwa mwaka 2021 na mahali pake pakaja tozo ya asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Fomu ya maneno matupu yenye maswali matano inakula kidogo sana. Maswali matano yanatosha. Ukiweka ishirini hujafundisha, umefanya mtihani.

Kura za WhatsApp na Telegram

WhatsApp ilianzisha kura ndani ya makundi mwishoni mwa mwaka 2022. Ni rahisi kupita fomu: unaandika swali, unaandika majibu, watu wanagusa. Zima ruhusa ya kuchagua zaidi ya jibu moja, la sivyo wajanja watagusa yote manne. Hata hivyo kuna jambo linalopaswa kufahamika na kila katibu wa tawi: kura hiyo si ya siri. Yeyote aliye ndani ya kundi anaweza kufungua na kuona jina la kila aliyechagua kila jibu. Kwa swali la asilimia za NSSF pengine hakuna madhara. Kwa swali kama "Je, umewahi kufanya kazi saa za ziada bila kulipwa?" madhara yapo, hasa kama kuna nyapara ndani ya kundi, au kaka wa nyapara.

Telegram ina kura ambayo haionyeshi majina, mwalimu akiiacha hivyo, na tangu mwaka 2020 ina aina ya jaribio ambayo mtu akigusa anaambiwa papo hapo kama amepata, pamoja na maelezo mafupi yaliyoandikwa na mwalimu. Kwa kazi yetu ni bora kuliko ya WhatsApp. Ubaya wake ni kwamba wafanyakazi wengi hawana Telegram, na kumlazimisha mtu aongeze programu nyingine kwenye simu iliyojaa ni kumpunguza darasani.

Na wenye vitochi? Watume SMS yenye herufi moja kwa mwalimu, naye ahesabu kwa mistari kwenye daftari. Inachukua dakika nyingi kidogo, lakini hesabu ni ile ile. Nchini Kenya shirika la Eneza limepeleka masomo na maswali ya shule kwa SMS kwa miaka mingi, mwanafunzi akijibu na kurudishiwa sahihisho hapo hapo kwenye simu ya kawaida. Kwa hiyo mtu asidanganywe kwamba bila simu janja hakuna kinachowezekana.

Iko michezo ya maswali yenye muziki na ubao wa washindi, kama Kahoot iliyotoka Norway mwaka 2013, ambapo anayejibu haraka hupata pointi nyingi. Watoto wa shule huipenda. Kwa watu wazima waliojifunza kusoma ukubwani mimi siipendekezi. Mtu anayesoma polepole lakini anafikiri vizuri anawekwa mwisho mbele ya wenzake, na Jumamosi inayofuata hutamwona.

Kuandika majibu ya uongo yenye akili

Kazi kubwa haiko kwenye simu. Iko kwenye kutunga swali. Jibu la uongo lisilo na akili halimkamati mtu yeyote. Kila jibu lisilo sahihi liwe ni kosa ambalo mfanyakazi halisi hulifanya kwa sababu halisi. Njia ya kuyapata ni kusikiliza wanavyobishana wakati wa chakula.

Chukua mfano wa dawa za kunyunyiza shambani. Katika nchi nyingi kibandiko cha chupa kina utepe wa rangi chini yake, kufuata utaratibu uliopendekezwa na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo. Swali: Utepe wa kijani unaonyesha nini? (A) Dawa si sumu. (B) Dawa ni ya mimea ya majani mabichi tu. (C) Sumu yake ya ghafla ni ndogo kuliko za rangi nyingine, lakini kinga bado inatakiwa. (D) Dawa ya asili isiyotengenezwa kiwandani.

Sahihi ni C. Nyekundu ndiyo kali kupita zote, kisha manjano, kisha bluu, mwisho kijani. Na rangi hiyo inahusu sumu inayodhuru upesi. Haisemi chochote juu ya ugonjwa unaokuja taratibu baada ya miaka ya kunyunyiza. Anayechagua A ana sababu: barabarani kijani ni ruhusa ya kupita. Mtu huyo ndiye atakayevua glavu kwa sababu ya joto. Mwalimu akiona watu kumi wamechagua A, asiahirishe hadi juma lijalo. Kesho asubuhi wanakwenda kunyunyiza.

Jaribu pia kuuliza kwa lugha wanayofanyia kazi. Katika mashamba mengi ya Uganda watu wametoka pande mbalimbali, wengine Kongo na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Mtu anaweza kukosa swali la Kiingereza akiwa anajua jibu. Hapo umepima Kiingereza chake, hukupima somo.

Kazi ya kuandika

Maswali ya kuchagua hayawezi kupima kila kitu. Mjumbe wa wafanyakazi lazima ajue kuandika barua ya malalamiko, na barua haina A, B, C, D. Hapa pia simu inasaidia. Mwanafunzi anaandika kwa mkono, anapiga picha barua yake, anamtumia mwalimu peke yake, si kundi zima. Mwalimu anaisoma na kumrudishia ujumbe wa sauti wa dakika moja jioni ile ile. Sauti ni bora kuliko maandishi kwa kazi hii: ni haraka, na mtu anasikia kwamba hakukasirikiwa.

Tuseme barua inasema: "Tunaonewa sana kwenye mizani, nyapara ni mkatili." Usimwambie "barua ni dhaifu." Muulize: Nani? Lini? Kiasi gani? Akiandika upya, huenda ikawa hivi: "Tarehe 4 na 5 Machi wachumaji 11 wa shamba la pili walipunguziwa kilo 2 kwa kila mzigo, wakaambiwa ni uzito wa maji. Hakuna aliyeonyeshwa namna ya kupima maji hayo." Barua ya pili mwajiri hawezi kuitupa kwa urahisi. Rekebisha jambo moja kwa mara moja. Ukimrudishia makosa kumi na mawili, mengi yakiwa ya herufi kubwa na nukta, atajifunza kwamba hajui kuandika, na kalamu ataiweka chini.

Majibu haya ni ya nani?

Jambo hili linastahili kuangaliwa kwa makini kuliko mengine yote. Orodha ya nani amejibu nini ni kumbukumbu. Inakaa kwenye simu, inakaa kwenye mitambo ya kampuni iliyo mbali, na inaweza kusambazwa kwa kidole kimoja. Mwajiri akijua kwamba mfanyakazi fulani hajui saa zake za ziada zinavyohesabiwa, amepata njia. Akijua kwamba mwingine anazijua barabara, huenda akamwona mchochezi.

Kwa hiyo kwenye fomu usiulize jina wala namba ya simu, na hakikisha ukusanyaji wa barua pepe umezimwa. Kwa kadi za Plickers tumia namba badala ya majina, na orodha ya namba iwe kwenye daftari la mwalimu au isiwepo kabisa. Intaneti ya bure ya ofisi ya kampuni isitumike kwa masomo ya chama. Masomo yakiisha, futa majibu. Picha ya barua yenye majina ya wachumaji izibwe majina kabla ya kuonyeshwa darasani kama mfano. Nchi zetu zina sheria za kulinda taarifa za watu, Uganda na Kenya tangu 2019, Rwanda tangu 2021, Tanzania tangu 2022, lakini sheria huja baada ya mtu kuumizwa.

Na daima uwe na maswali yale yale kwenye karatasi. Mtandao hukatika milimani, umeme hukatika popote, na Januari 2021 intaneti ilizimwa Uganda nzima wakati wa uchaguzi. Vipande vinne vya karatasi vyenye herufi, vikiinuliwa mbele ya kifua wakati mmoja baada ya kuhesabu moja, mbili, tatu, vinafanya sehemu kubwa ya kazi ya kadi za simu.

Zoezi la kikundi

Fanyeni zoezi hili kabla ya toleo lijalo. Kila mtu ajibu peke yake kwanza, mpige kura, mjadiliane wawili wawili, mpige kura tena. Andikeni hesabu ya kura zote mbili.

1. Mfanyakazi wa Uganda hulipwa shilingi 1,500 kwa saa. Siku ya kawaida amefanya saa 3 za ziada. Anastahili kiasi gani kwa saa hizo 3? (A) 2,250. (B) 4,500. (C) 6,750. (D) 9,000.

2. Katibu ameweka kura ndani ya kundi la WhatsApp lenye watu 60. Nani anaweza kuona mlichochagua? (A) Katibu peke yake. (B) Hakuna mtu. (C) Kila aliye ndani ya kundi. (D) Viongozi wa kundi tu.

3. Tungeni swali moja la kuchagua kuhusu karatasi ya mshahara ya mahali penu. Kwa kila jibu la uongo, andikeni ni mfanyakazi wa namna gani angelichagua, na lingemgharimu nini.

Majibu. Swali la 1 ni C. Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, saa ya ziada siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu: 1,500 mara 1.5 mara 3. Aliyechagua B amelipa saa za ziada kama saa za kawaida. Aliyechagua D ametumia kiwango cha sikukuu ya serikali, ambacho ni mara mbili. Aliyechagua A aulizwe alivyofika hapo, kwa maana njia ni mbili: ama amehesabu saa moja badala ya tatu, ama amehesabu nyongeza ya nusu peke yake na kuisahau saa yenyewe. Swali la 2 ni C. Swali la 3 halina jibu moja. Lipelekeni kikundi cha tawi jirani walijibu, nao wawaletee lao.